Mwalimu Redio Anyamaza

Madawati yalikuwa yamesukumwa yakatazamana, na mwalimu amesimama nyuma kabisa ya darasa, mikono mgongoni. Miaka ishirini na sita hakuwahi kufundisha akiwa huko. Wanafunzi walimbandika jina la Redio kwa sababu akishaanza kusema mbele ya ubao, hazimwi ila na kengele.

Barua ya tatu ya onyo ilikuwa mfukoni mwake. Waachie watoto wajadiliane na kujifunza wenyewe, ilisema, la sivyo kazi huna. Nyumbani mkewe alikuwa na mwezi wa nne kitandani, na kazi hiyo ndiyo iliyoleta dawa.

Mkaguzi, mama wa makamo, alivuta kiti karibu na kundi la dirishani. Mbele ya watoto kulikuwa na makopo mawili ya miche.

"Mbona huu uliokaa kabatini umekuwa wa njano?" aliuliza mmoja.

"Labda umekosa maji."

"Maji tumeipa sawa. Umekosa mwanga."

Wakabishana, wakacheka, wakapatana. Kundi la pili likapinga, la tatu likaamua, na hakuna aliyemkata mwenzake kauli. Redio hakutia neno. Midomo tu ndiyo iliyomchezacheza, kama mtu anayesali.

"Sauti imekukauka, mwalimu," mkaguzi alimwambia.

"Wiki ya tatu sasa, mama. Ni koo tu."

"Ofisini walisema wewe ni sikio la kufa, husikii dawa. Kumbe wamekuonea bure."

Machozi yalimlenga Redio. Laiti mama wa watu angefunga daftari lake hapo hapo, akaenda zake.

Hakulifunga. Alimwinamia binti wa dawati la kwanza, yule ambaye wenzake humwita Wembe kwa wepesi wa akili.

"Na wewe, mwanangu, kwa maoni yako, tungeutoa mche ule nje leo ungepona?"

Wembe alimtazama mwalimu wake, na mwalimu akatazama sakafu.

"Samahani, mama, umekosea," mtoto alisema kwa upole. "Hapo wewe unasema 'hongereni, watoto', sisi tunapiga makofi matatu, halafu unatoka."