Kawa Juu ya Saa

Mahamri yalikuwa ya moto, lakini Bi Kidawa hakuyagusa. Ndiyo kwanza ametoka eda ya mumewe, na nyumba ya kwanza kuitembelea ilikuwa ya shoga yake, Bi Mwanakheri. Mtaani kwao mgeni hali kabla mwenyeji hajamega.

"Mama hali mpaka saa sita," alisema Nargisi, bintiye Mwanakheri, akionyesha saa ya mezani aliyoileta mwenyewe. "Anafunga kwa saa, apunguze mwili. Wenzake wanapungua kweli."

"Jirani yangu naye alipungua," alisema Kidawa taratibu. "Alipoacha akarudi mnene kuliko mwanzo." Akaweka mikono mapajani. "Lakini nitangoja. Nyumbani siku hizi nakula peke yangu, nimechoka."

Mwanakheri alimtazama shoga yake. Shingo ilikuwa imebaki mifupa mitupu.

Akalinyanyua kawa lililofunika mahamri, akaifunika nalo saa.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na nani? Mimi nilinyamaza tu." Akamega hamri, nusu akampa Kidawa, nusu akaitia kinywani. "Kesho nitafunga nikipenda. Leo nina mgeni. Na wewe kaa ule, au tupishe."

Kidawa alianza kutafuna, machozi yakimlengalenga. Nargisi alibaki amesimama, mkono juu ya kiti, akisikiliza mlio wa saa chini ya kawa.