Ulimi wa Mjomba Wiebe

"Toa ulimi, mjomba."

Mjomba Wiebe alikaza midomo kama mtoto. Kipimo kilikuwa bado kimemkaba mkono, na presha ilikuwa juu tena.

Daktari alishatuambia. Dawa za virusi vya UKIMWI zinamfaa vizuri, lakini kwa mtu aliyezeeka navyo, cha kuchungwa sasa ni moyo. Akamkataza zile pipi nyeusi za chumvi wapendazo Waholanzi, maana mzizi unaotiwa humo hupandisha presha.

"Toa."

Akautoa. Ulikuwa mweusi kama lami.

"Kirusi kimeshindwa kuniua, sembuse pipi!" alifoka. "Kwetu mjini, Leeuwarden nzima tunazila kabla hatujaota meno."

"Leeuwarden nzima haina moyo wako."

"Una mdomo wewe, kama marehemu mama yako."

"Rafiki zako wote uliwazika wewe, mjomba. Sasa unataka nikuzike mimi?"

Aliinama taratibu, akavua soksi ya kushoto, akatoa kipakiti cha pipi na kuniwekea kiganjani, bado kina joto la mguu wake.

Sikuurudisha mkono.

Akaguna, akaanza kuvua ya kulia.