Vikombe vya Upepo

Mara ya kwanza Bi Mwanakombo na wenzake wapima upepo walipotangaza kimbunga, mji mzima ulikimbilia mlimani. Hata manyunyu hayakuonekana, na wezi wakazikomba nyumba. Leo walipopiga debe kutangaza kingine, Badru, mmoja wa walioibiwa, aliwapandia na rungu juu ya paa lenye vipimo vyao. Alipasua kipimo cha mvua, akamvunja mmoja wao mkono, kisha akang'oa chombo cha mwisho: vikombe vinne vya bati juu ya mpini, vinavyozungushwa na upepo.

"Kiko wapi hicho kimbunga?" alifoka, akamtandika nacho bibi usoni.

"Badru mwanangu," alisema Bi Mwanakombo, damu ikimchuruzika mdomoni, "wachukue wanao mwondoke."

Badru akakiinua chombo tena. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mkono ungali juu, vikombe vikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, mpaka mpini ukamtetemesha bega.