Kisanduku cha Mkuu

Alama ilipotokea kwenye skrini, Vigelegele hakuinuka hata kwenye kiti. Aliitazama tu, kama mtu anavyomtazama jirani anayekuja kuomba chumvi kila siku.

"Hiyo hapo," alisema. "Mkuu ameanza."

Dereva, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuligeuza dishi la darubini ya redio, alisogeza kiti chake karibu. Mstari ulikuwa umepinda vizuri, mawimbi ya juu yakitangulia na ya chini yakifuata. Ndivyo zinavyofika ishara zinazotoka mbali kabisa angani. Hulia mara chache, kisha zikanyamaza, pengine zisisikike tena.

"Mbona kama ya kweli?"

"Hata ile ilikuwa kama ya kweli."

Ile! Darubini ilikuwa mpya, na kila mradi ulijaribiwa kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Mkuu wa kituo aliingiza ishara ya uongo kwa siri, aone kama mwenye mradi ataitambua kuwa ni ya uongo. Ukiitambua, unaifuta na kuendelea. Usipoitambua, umeanguka. Mara ya kwanza alipojaribiwa, binti wa watu alipiga vigelegele mpaka wapishi wa kantini wakaja mbio. Akampigia mama yake simu, na mama hakulaza damu, akautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe amesikia nyota. Kisha Mkuu akatoka ofisini kwake akijishika mbavu kwa kicheko.

Jina la Vigelegele likamganda. Hilo angelivumilia. Lililomuuma ni majirani, ambao mpaka leo humwuliza mama yake, "Na ile nyota ya binti yako, haijambo?" Mama hujibu haijambo, akaingia ndani na kufunga mlango.

Leo ulikuwa mtihani wa pili, na hakuna wa tatu. Akianguka, mradi anapewa mwingine.

Alama ikaja tena. Vigelegele alisimama, akaketi, akasimama.

"Mbona kile kisanduku chake kimefunikwa?" Dereva aliuliza. Mashine ya kutengenezea ishara za uongo ilikuwa pale pembeni, chini ya kitambaa chake.

"Siku ile pia kilifunikwa. Anakiendesha akiwa ofisini."

"Basi nigeuze dishi kidogo. Ikibaki, inatoka humu humu duniani. Ikipotea, ni ya juu."

"Geuza, uone."

Nje dishi liliguna, sakafu ikatetemeka. Alama zikakoma. Dereva alilirudisha dishi mahali pake na kusubiri, na alama ikaja tena, nzuri kuliko zote. Alijipiga kofi pajani.

"Dada, hii ya juu!"

"Kwani siku ile alifanyaje? Alikuwa anatuangalia kwenye skrini yake. Tukigeuza anazima, tukirudi anawasha. Kaka, yule mzee humjui. Siingii mkenge mara mbili."

"Mtafunwa na nyoka," Dereva alisema, "akiona unyasi hushtuka."

"Afadhali kushtuka kuliko kutafunwa tena."

Simu ya mezani ililia. Simu za mkononi zilipigwa marufuku kituoni, maana huichafulia darubini masikio. Alikuwa ni Mkuu, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Mmeona chochote?"

"Hatujaona kitu, Mkuu."

"Vizuri. Natoka kwa daktari wa meno, ganzi bado haijaisha. Nakuja, msiondoke."

Vigelegele alirudisha simu chini, akacheka. "Eti daktari wa meno! Yuko hapo ofisini anatafuna biskuti."

Lakini moyo haukutulia. Alizitazama zile alama, akahisi sauti ikimpanda kooni, ile ile iliyomletea aibu, na akaiogopa. Ilikuwa tamu mno. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kufuta.

"Ngoja hata Mkuu afike," Dereva alimsihi. "Haya ni majaribio, hatuweki nakala. Ukifuta ndiyo basi."

"Akifika akazikuta, nimeanguka. Mama yangu ataonekana mwongo mara ya pili."

"Ngoja kidogo tu, dada yangu."

Alifuta. Zote, mpaka skrini ikabaki nyeusi. Walikaa wakisubiri, dishi likiwa pale pale, na hapakuja kitu tena.

"Umeona?" Vigelegele alishusha pumzi, akanyoosha miguu chini ya meza. "Amejua nimemshtukia, ameacha." Alijiona mwepesi, akaanza kufikiria jinsi atakavyompa mama yake habari jioni, taratibu, bila makelele, kama mtu mzima.

Mlango ulifunguliwa. Mkuu aliingia akihema, koti mkononi, shavu moja limevimba. Vigelegele alimpokea mikono kiunoni.

"Safari hii hukunipata, Mkuu!"

Mkuu alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Alikwenda pembeni, akakifunua kisanduku, akakipuliza vumbi, kisha akainama nyuma ya kabati kuutafuta waya wake.

"Nikupate vipi, mwanangu," alisema, akiuchomeka ukutani, "na ndiyo kwanza nakiwasha?"