Aliyepanda Ruwenzori Mara Saba

Saa nane mchana, jua la Kanyosha likichoma mabati, Murhula alisimama mlangoni kwa kina Benite amevaa kofia ya sufu, glavu nene na koti la mvua. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi.

“Ingia,” alisema Médiatrice, mama wa Benite. Hakuuliza habari za kofia.

Sebule ilikuwa imejaa. Viti vya kukodi vilipandana hadi karibu na dari, na makreti ya fanta yaliziba dirisha. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya biashara, na fanta haikununuliwa kwa mchezo. Moyo wa Murhula uliruka. Familia hii haipotezi muda, aliwaza. Mwanamume hajasema neno, vinywaji tayari vimefika.

Hakuwa na shaka kwa nini ameitwa. Tangu akimbie vita vya Bukavu, alikuwa akiuza kandambili katika mtaa wa Quartier Asiatique, na Benite alipita pale kila akitoka kazini. Hakununua hata jozi moja. Alisimama tu kumsikiliza akieleza jinsi alivyowaongoza wazungu juu ya Ruwenzori, akacheka mpaka akashikilia meza. Juzi alimwambia, “Nimemwambia mama habari za mulima wako. Anataka akusikie yeye mwenyewe.” Na mama wa msichana hamwiti mwanamume nyumbani kwa ajili ya kandambili.

Shida ilikuwa moja: Murhula hakuwahi kupanda Ruwenzori. Mahali pa juu kabisa alipofika ni ghorofa ya pili ya duka la vitambaa, na huko alitembea ameshika ukuta. Médiatrice naye alikuwa na diploma, na mtaa mzima ulijua kwamba humkamata mwongo kwa swali moja. Akimkamata leo, Benite atakuwa amemponyoka.

“Usikae. Sema ukisimama,” alisema Médiatrice.

Kando yake aliketi shemeji yake, mzee Aloys, shavu limevimba kwa jino, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Hakuweza kufungua kinywa. Aliweza kuitikia kwa kichwa tu.

“Bon. Ulipanda mara ngapi?”

“Mara saba, Mama.”

“Kwa sauti. Hata jirani wasikie.”

“Mara saba,” alirudia Murhula, kama anayeita wateja.

“Baridi ya huko ni ya namna gani?”

“Mama, ndevu za muzungu zinaganda usiku. Asubuhi tunazivunja barafu, tunachemsha chai.”

“Chai ya nywele?”

“Tunachuja na soksi.”

“Soksi ya nani?”

“Ya muzungu. Yake njo ilikuwa safi. Mi nilikuwa namubeba.”

Mzee Aloys aliitikia kwa kichwa.

Maswali yakamiminika. Médiatrice alimkatiza katikati ya neno, akamuuliza jina la mzungu, kisha jina la mke wa mzungu, kisha mke huyo alisema nini. Murhula hakukwama. Aliongeza chui aliyeteleza kwenye barafu, akaserereka hadi kando ya moto wao, akabaki kuota moto kwa aibu.

“Na juu kabisa kuna mimea kama kabichi, mirefu kupita nyumba hii,” alisema.

Hilo lilikuwa kweli tupu. Alilisikia kwa mtu wa Mutwanga, aliyezaliwa chini ya mlima wenyewe. Médiatrice alikunja uso.

“Apana. Kabichi utoe. Hakuna mutu ataamini.”

Murhula akaitoa haraka.

Hapo bomu likalia vilimani, juu ya mtaa. Vikombe vikagongana kabatini. Kule jikoni Benite alifunga dirisha, kama alivyofanya karibu kila siku. Médiatrice hakutazama nje. Alimtazama Murhula.

“Na barafu ikipasuka kule, inalia hivi hivi,” Murhula aliendelea bila kumeza mate, “ila ile ya Ruwenzori ina adabu. Hailii wakati watu wanakula.”

Mzee Aloys alicheka, akashika shavu, machozi yakamtoka kwa maumivu.

Médiatrice alivuta kiti, akakaa mbele ya Murhula, magoti karibu yagusane.

“Sasa niambie ukweli, kijana. Ulifika Ruwenzori?”

Glavu zilikuwa zimejaa jasho. Benite alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anatabasamu. Murhula alipima uongo mmoja zaidi, akauona mzito.

“Apana, Mama. Sikufika. Hata picha yake sina.”

Alifumba macho, akisubiri kuonyeshwa mlango.

“Nilijua tangu kwenye ndevu,” alisema Médiatrice.

“Lakini juu ya Benite sidanganyi, Mama. Kwa ajili yake naweza kusimama mbele ya mutu yeyote.”

“Mbele ya ukoo muzima?”

“Ukoo muzima.”

“Wakikucheka? Wakikukatiza?”

“Wacheke mpaka wachoke, Mama. Mi sitakaa chini.”

Médiatrice alimgeukia mzee Aloys. Mzee aliitikia kwa kichwa, mara hii polepole, kama anayeweka sahihi.

“Basi imekwisha,” alisema Médiatrice. “Vua hiyo kofia, utatufia hapa. Jumamosi asubuhi ukoo wa muchumba wake unatoka Mutakura kuja kumuposa Benite, na wanaleta musemaji anayedanganya kupita redio. Musemaji wetu wa kushindana naye kwa maneno ni huyu muzee, na jino limemufunga kinywa. Utasimama we pahali pake.”

“Asante, kaka,” alisema Benite.