Kitenge cha Cotonou

Solange alivaa makusudi kile kitenge cha njano alicholetewa na mumewe kutoka Cotonou, ili mwanamke aliyekichagua akione mwilini mwa mwenye mume, roho imuume.

Maana mwanamke alikuwepo, usimwambie Solange vingine! Tangu lini mwanaume akajua kuchagua kitenge kizuri hivyo? Kila likizo kubwa mumewe, Profesa Aristide, alishuka ziwani, eti anavuka kwenda kupanda ndege Uganda, akapotelea Benin. Simu kimya mwezi mzima. Akirudi, sanduku lote linanuka samaki wakavu.

"Cotonou iko pembeni ya bahari, mama," alimjibu. "Na miye natafutaka historia ya wafalme wa Dahomey, hapana wanawake."

Vitabu aliviandika kweli, vya wafalme, vya mapinduzi, vya uchaguzi wa kule, na watu wakavisifu. Solange alivipangusa vumbi kwa chuki. Redio ikitaja Benin tu, anaizima.

Leo chuo cha Bunia kilikuwa kinampa Aristide cheo cha profesa kamili. Habari ilitangazwa redioni wiki nzima. Barabara nazo zilikuwa zimetulia kidogo baada ya mashambulizi, mtu wa mbali aliweza kujaribu safari.

"Athubutu kuja tu," Solange alimwambia dada yake Wivine. "Ataniona."

Aristide alikuwa amesimama na joho lake, anashukuru wakubwa, mlango wa ukumbi ulipofunguka. Akaingia mwanamke mnene, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kapu la samaki kichwani. Mwilini, kitenge kile kile cha njano.

Profesa akakatika katikati ya neno. Hilo lilimtosha Solange. Akavuka ukumbi mbio, akamsimamia mbele, mikono kiunoni.

"Weye njo mwanamuke ya Cotonou! Unafuata bwana yangu mpaka huku?"

Mwanamke akatua kapu. Akamtazama juu mpaka chini, akakitazama kitenge.

"Bwana yako? Miye niko Débora, bibi ya Aristide, natoka Mahagi-Port, hapa hapa ku ziwa. Alinioa ku kanisa. Likizo ikiisha anatuagaka, anasema anarudia Cotonou kufundisha. Juzi nasikia jina yake ku redio ya Bunia..."

Akamtazama Aristide, kisha akamrudia Solange.

"Kumbe Cotonou njo weye."