Ukimya wa Korongo

"Karibu, Bi Kanga," alisema Korongo kwenye televisheni alipomaliza kusoma habari za mafuriko, na Kanga akapokea, kama walivyokuwa wakisoma taarifa pamoja kwa miaka tisa. Kesho yake Kanga alihamia kituo cha televisheni cha ng'ambo ya mto.

Korongo akabaki kusoma peke yake. Kila habari ilipoisha alinyamaza kidogo, pale ambapo Kanga angepokea.

"Mzee, watazamaji watalala!" alifoka Nyegere, mkurugenzi. "Kiti nampa kijana Chiriku."

Jioni hiyo Chiriku alitangaza kwamba mto umechukua watoto wawili wa Digidigi, na bila kuvuta pumzi akarukia matokeo ya mpira. Simu zikamiminika.

"Mrudisheni Korongo!" alisema Swala, jirani wa Digidigi. "Yeye hutuachia nafasi ya kusema pole."

Nyegere akamrudishia kiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Chiriku kwa aibu. "Ukinyamaza, huwa unahesabu mpaka ngapi?"

"Marahaba. Sihesabu, mwanangu. Nilikuwa namngoja Kanga."

Asubuhi iliyofuata Korongo alikaa wima, akasoma majina ya wale watoto wawili, kisha akanyamaza, safari hii kwa ajili ya Digidigi.